Kijiwe cha Sita

Filimbi mdomoni, karatasi mkononi,
mimi Bisimwa, mwalimu wa fizikia, mwamuzi wa meza ya tatu,
Jumamosi ile, ukumbi wa parokia, Goma.
Umeme ulikwenda na kurudi mara mbili kabla ya saa nne,
jenereta ikikohoa nje kama mgonjwa anayekataa dawa.

Mezani, turubai: mlima upande huu, ziwa upande ule,
na vijiwe sita vya lava vilivyopakwa rangi nyekundu.
Kazi ya roboti ni kuvishusha hadi kwenye duara la ziwa.
Dakika mbili na nusu. Basi.

Wa Ndosho walikuja na kitu chenye magurudumu ya kandambili,
mpira uliokatwa kwa wembe, moja buluu, moja kijani,
mwili wa kopo la maziwa ya unga,
betri ya simu iliyokufa uso, moyo bado unapiga.
Walikiita Chukudu, kwa kuwa hakiulizi mzigo ni wa nani.
Wa Himbi walikuja na sanduku lenye sponji ndani,
kila waya na jina lake.
Sikuwapenda, sikuwachukia.
Hilo liandikwe: hakuna aliyeninunulia hata soda.

Kijiwe cha kwanza. Cha pili. Hadi cha tano.
Cha sita kikabingirika, kikasimama juu ya mstari,
nusu ziwani, nusu nchi kavu,
kama mtu anayesita mlangoni, viatu mkononi.
Nikapuliza. Nikainama. Nikasema: Nje.

Kyakimwa, nahodha wao, akainua mkono.
Miaka kumi na mitano, vumbi la chaki kwenye kiwiko.
"Mwalimu, mstari wenyewe ni wa nani?"
Nikampa lile jibu lisilochosha ulimi:
uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho.
Akaushusha mkono taratibu,
kama anayetua ndoo ya mtu mwingine.

Himbi sita, Ndosho tano.

Usiku nikasoma kanuni kwa tochi ya simu.
Ukurasa wa tisa, ambao asubuhi niliuwekea kikombe cha chai:
kinachogusa mstari kimefika.
Alama ya kikombe ilikuwa bado pale,
imelizunguka neno kimefika barabara kuliko roboti yoyote.
Sita kwa sita, basi. Na kwa saa,
Ndosho walikuwa wametangulia kwa sekunde nne.

Nje, Nyiragongo ilikuwa nyekundu juu ya mabati.
Mji huu unajua mambo ya mstari:
lava ilisimama hapa, pale haikusimama,
nyumba hii ikabaki, ya jirani ikawa jiwe,
na hakuna anayekata rufaa kwa mlima.
Lakini mimi si mlima.

Jumatatu, kwa mwenyekiti wa kamati.
Alinisikiliza huku akifungua na kufunga kalamu.
"Mwalimu, tiketi za Kinshasa zimekwisha kulipwa.
Ukianza kufukua ya tatu, meza ya kwanza itafukuliwa, na ya pili."
Nikasema: Ndiyo. Nazo.
Hakujibu. Akaweka kikombe chake juu ya barua yangu.
Vikombe hivi!

Jumanne nikapanda pikipiki hadi Ndosho.
Njiani nilikuwa nimepanga maneno:
uchovu, mwanga hafifu, binadamu si malaika.
Kyakimwa aliyasikiliza yote, hakuokota hata moja.
Akafuta meza kwa kiganja, akachora duara kwa chaki,
akatoa kijiwe mfukoni, kile kile, siku tatu amekaa nacho,
akakiweka juu ya mstari, akakisogeza kidogo,
akakirudisha.

"Inama kama ulivyoinama siku ile.
Halafu hesabu."

Darasa zima lilikuwapo, wadogo wamejazana dirishani.
Nikainama, goti likagonga sakafu ya mawe.
Nikasema: Sita.

"Mwalimu," akasema, "kule nyuma hawajasikia."